Nani Anapiga Hodi? Juu ya Mianzo ya Filamu na Desturi Yetu ya Kufungua Hadisi

Katika mikutano ya utamaduni hapa kwetu Shituru, kuna neno linalorudi kila mara tunapogusa sinema. Mzee mmoja anasimama, anasema: «Sinema ni kintu ya bazungu. Iko inatafuta nini mu kitabu ya mila?» Wengi wanaitika kwa kichwa, na mazungumzo yanarudi kwa mahari, kwa matanga, kwa majina ya ukoo. Katika kurasa hizi tunapinga neno hilo. Tunapinga vilevile vijana wetu wenye kamera, ambao wanajiona wako mbali sana na yule mzee, kumbe wamefika pamoja naye pa mahali pamoja. Mzee anasema kwa kinywa kwamba sinema si yetu. Kijana anasema neno lilelile kwa namna anavyofungua filamu yake.

Tutazungumza juu ya mwanzo tu, zile dakika mbili au tano za kwanza, majina yanapopita kwenye kioo na muziki unapoanza. Kwa nini mwanzo? Kwa sababu mila zetu zinaujua mwanzo kuliko kitu kingine. Mtu mwenye adabu haingii katika kiwanja cha wenyewe bila kupiga hodi, na hodi yake inatosha kutuambia kama ni jirani, mkwe, mdeni au mgeni wa mbali. Filamu nayo inapiga hodi. Tujifunze kuisikiliza.

1. Kila aina ina mlango wake

Mtu aliyekwisha kuona filamu kumi za aina moja anajua ya kumi na moja itaanza namna gani. Huo si ugonjwa wa sinema. Ni desturi yake, na desturi zote zinafanya kazi hivyo.

Tuanze na filamu za kaboyi. Inchi pana, tupu, yenye mawe na jua kali, kisha mtu mmoja juu ya farasi anatokea mbali. Katika Shane ya mwaka 1953 mpanda farasi anashuka bondeni na mtoto anamwona anavyokaribia. Katika The Searchers ya mwaka 1956 mlango wa nyumba unafunguliwa kutoka ndani, penye giza, na nje tunaona jangwa na mgeni anayekuja. Mtaliani Sergio Leone, katika Once Upon a Time in the West ya mwaka 1968, aligeuza desturi hiyo: watu watatu wenye bunduki wanangojea kwenye kituo cha treni, dakika zinapita, hakuna anayesema kitu cha maana, nzi analia, maji yanadondoka juu ya kofia. Kwa nini watu walivumilia kungoja namna ile? Kwa sababu walijua desturi. Walijua kwamba mgeni lazima afike.

Wahindi walichukua mlango huohuo wakaupaka rangi yao. Sholay ya mwaka 1975 inaanza kwa treni kuingia katika kituo kidogo, kisha wapanda farasi wanapita katikati ya mawe makubwa. Lakini kabla ya hayo yote, filamu ya Kihindi inaonyesha karatasi ya serikali inayoruhusu filamu ionekane, na nyingi zinaonyesha pia sura ya mungu au ishara ya sala. Ruhusa kwanza, baraka kwanza, ndiyo hadisi. Mwenye mila yeyote hapa Katanga anaelewa jambo hilo bila kufasiriwa.

Filamu za karate za Hong Kong, zile za nyumba ya Shaw Brothers, zina ngao yao yenye herufi mbili, na mara nyingi wakati majina yanapita tunamwona mchezaji peke yake, akionyesha mapigo yake. Ndivyo inavyoanza The 36th Chamber of Shaolin ya mwaka 1978. Ni sawa vile mchezaji wa ngoma anavyoonyesha miguu yake kabla ngoma haijakolea. Filamu za James Bond, tangu ile ya kwanza ya mwaka 1962, zina duara jeupe na mtu anayegeuka na kupiga risasi. Filamu za kutisha zinaanza kwa kifo cha mtu tusiyemjua bado: katika Jaws ya mwaka 1975 msichana anaingia baharini usiku, na hatumwoni tena. Filamu za nyota na mashine za anga zilipenda maandishi marefu yanayopanda na kupotea gizani, tangu Star Wars ya mwaka 1977. Na filamu za vita zinapenda ramani, tarehe, jina la mahali, na sauti nzito ya mtu anayeeleza nani anapigana na nani.

Ukizipanga zote pamoja, unaona kwamba zinajibu maulizo manne: tuko wapi, ni wakati gani, nani anakuja, na mambo ya namna gani yanatungojea, kicheko, kilio ao hofu. Hakuna aina ambayo haina desturi hiyo. Hata wale wanaojifanya kuvunja desturi, kama Leone, wanavunja kitu ambacho watazamaji wanacho tayari katika vichwa vyao.

2. Milango ya kwetu

Sasa tuulize: je, wazee wetu hawakuwa na majibu kwa maulizo hayo manne? Walikuwa nayo, na waliongeza ulizo la tano.

Pwani ya mashariki msimulizi anasema «Paukwa», na wanaosikiliza wanajibu «Pakawa». Huku kwetu, katika lugha nyingi za makambi yetu, anayesimulia anaita na wanaomzunguka wanaitika. Asipoitikiwa, hasimulii. Hilo njo jambo ambalo watu wa mataifa ya sinema hawana, au walilipoteza zamani: hadisi haifunguki mpaka wasikilizaji wamekubali kwa sauti.

Tuangalie kasala ya Baluba. Mwenye kutoa kasala haanzi na mambo yaliyotokea. Anaanza na majina: jina la mtu, jina la baba yake, la mababu, la mto waliokunywa, la kilima walichotoka. Mtu anajengwa kwa majina mbele ya macho yetu kabla hajafanya tendo hata moja. Tuangalie pia habari ya mwanzo wa ufalme wa Baluba. Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu, yuko katika inchi yake, na kutoka mashariki anakuja muwindaji, Mbidi Kiluwe, mgeni mwenye adabu zisizojulikana hapo, ambaye hapendi kuonekana anapokula. Ni mgeni anayetokea mbali, kama katika filamu ya kaboyi. Lakini mgeni huyu anapokelewa, anaulizwa, anachunguzwa namna anavyokula na namna anavyocheka, na kutoka kwake anazaliwa Kalala Ilunga. Watu wa Mbudye waliokuwa wakisoma lukasa, ule ubao wenye shanga, walipitisha vidole vyao juu yake na kutaja safari, wafalme na mahali. Ubao ule ulikuwa ramani na maandishi ya mwanzo kwa pamoja, lakini haukuweza kusema kitu bila mtu aliyepewa ruhusa ya kuusoma.

Tusiende mbali. Mahari inapozungumzwa hapa Likasi, nani anaanza? Msemaji wa upande wa kijana anasimama, anasema wametoka wapi, ni ukoo gani, nani amewatuma, na wanatoa kile cha kufungua kinywa. Bila hicho, upande wa binti unakaa kimya, hata kama watu wote wanajua wamekuja juu ya nini. Pa matanga vilevile: mtu hasimami na kuanza kulia hadisi ya marehemu. Anasema kwanza: mimi ni mtoto wa dada yake, mimi nilifanya naye kazi pa usine. Ndiyo hapo watu wanampa masikio.

Ulizo la tano ni hilo: nani anasema, na nani alimruhusu? Filamu nyingi za dunia zinaficha jibu lake. Kamera inajifanya haina mwenyewe. Wazee wetu wasingelikubali.

3. Wale waliosema hatutaelewa

Kuna sababu ya historia inayofanya mzee wetu aseme sinema ni ya bazungu, na tusimcheke. Sinema iliingia kwetu kama kitu cha wakubwa. Ernest Genval alipiga filamu za makampuni ya Kongo katika miaka ya 1920, na Le Congo qui s'éveille yake ilitoka mwaka 1927. Hata jina lake linaonyesha anayepiga hodi: ni mtu anayesema kwamba inchi ilikuwa imelala mpaka yeye akafika. Mwaka 1955 André Cauvin alitoa Bwana Kitoko juu ya safari ya mfalme Baudouin. Filamu ya inchi yetu ikapewa jina la mgeni.

Wakati huohuo, wataalamu wa Ulaya waliandika vitabu kueleza kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu ya kawaida. Katika Tanganyika, kati ya mwaka 1935 na 1937, Latham na Notcutt waliongoza majaribio ya filamu za kufundisha, pale Vugiri katika milima ya Usambara, na wakazizungusha mpaka Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, jirani zetu hapa ng'ambo ya mpaka. Mwingereza William Sellers, aliyeongoza kitengo cha filamu za makoloni kilichoanzishwa mwaka 1939, alifundisha kwamba filamu kwa Waafrika ziende polepole, zisikate picha haraka, zisitumie ujanja wa kamera. Wabelgiji katika Kongo walifikiri karibu vilevile.

Lakini watu walifanya nini? Walielewa kila kitu, na walichagua wenyewe. Katika Copperbelt ya Rhodesia wafanya kazi wa migodi walipenda filamu za kaboyi kuliko zile za kufundisha kuosha mikono. Katika Léopoldville vijana wa miaka ya 1950 walijiita Bills, jina walilolichukua kwa Buffalo Bill, wakavaa na kusema namna yao. Watu wanaoweza kugeuza desturi ya filamu kuwa desturi ya mtaa hawana shida ya kuelewa.

Na kuna jambo jingine ambalo wataalamu wale hawakulipa uzito. Kwa sababu filamu nyingi zilikuwa za lugha ya kigeni au bila sauti inayofaa, waliweka mtu pembeni ya kioo, mwenye kueleza kwa lugha ya watu. Walimfikiri kuwa msaidizi tu. Kwa kweli yeye alikuwa mwenye nyumba. Alisalimia, aliwaambia watu wataona nini, alitania, aliita na kuitikiwa. Bila kukusudia, wakoloni walirudisha msimulizi mbele ya hadisi.

Huyo mtu hajafa. Uganda ana jina la VJ, na watu wanachagua filamu kufuatana na VJ gani aliyeitafsiri, kama VJ Jingo. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, ambaye sauti yake ilijulikana kuliko sura za wachezaji wenyewe. Katika Wakaliga, mtaa wa Kampala, Isaac Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, na sauti ya VJ Emmie iko ndani ya filamu tangu mwanzo, inachokoza watazamaji na kusifu mtaa wao. Dunia nzima iliiangalia filamu ile, iliyofanywa kwa feza kidogo sana. Watu wengine walifikiri wanacheka makosa. Sisi tunaona kwamba walivutwa na kitu ambacho sinema kubwa haikuwa nacho tena: mtu anayewakaribisha.

4. Mwaka mmoja, mianzo miwili

Tufike nyumbani sasa. Mwaka 2016 ilitoka filamu yenye jina la muji wetu, lile jina la kikoloni: The Siege of Jadotville, ya Richie Smyth, iliyoonyeshwa na Netflix. Inasimulia habari ya askari wa Irlande wa ONU, kama mia moja na hamsini na kitu, chini ya komanda Pat Quinlan, waliozungukwa hapa kuanzia tarehe 13 mpaka 17 septemba 1961, wakapigana mpaka risasi na maji vilipokwisha, wakakamatwa. Hakuna hata mmoja wao aliyeuawa katika mapigano hayo. Inchi yao iliwanyamazia miaka mingi, na filamu ile iliwasaidia kurudishiwa heshima. Hatuna neno juu ya hilo. Wana haki ya kusimulia mashujaa wao.

Lakini angalieni mwanzo. Katika dakika za kwanza filamu inapita haraka juu ya fujo ya Kongo, inaonyesha kuuawa kwa Patrice Lumumba, inapita kwenye ofisi za wakubwa wa dunia, kisha inafika kwa askari wa Irlande, na hapo ndipo inapumzika. Hapo ndipo watu wanapata majina, wake, michezo, hofu. Maulizo manne yamejibiwa vizuri sana. Wapi? Kongo. Lini? 1961. Nani anakuja? Vijana wema kutoka mbali. Jambo gani? Vita. Na sisi tuko wapi? Tuko katika sehemu ya «wapi». Sisi ni mahali. Muji ulikuwa na wafanya kazi wa Union Minière, wake zao, watoto wa shule, wauzaji wa soko, watu wa Kikula, wa Panda, wa Shituru. Kwa desturi ya filamu ya vita, watu hao hawahitaji jina. Na mahali penyewe filamu haikupafikia: ilipigwa Afrika ya Kusini.

Linganisheni na Lumumba ya Raoul Peck, Mhaiti aliyekulia Kongo, iliyotoka mwaka 2000. Nayo haikupigwa Katanga: vita ya wakati ule ilifanya waipige Zimbabwe na Msumbiji. Inaanza kwa picha za zamani za ukoloni zinazoingiana na sherehe ya Mobutu, na kisha, katika usiku ule wa januari 1961, tunasikia sauti. Ni sauti ya Lumumba mwenyewe, aliyekwisha kufa, anaanza kutusimulia. Kifo ni kilekile katika filamu mbili. Katika moja, mtu anakufa ili hadisi ya wengine ipate kuanza. Katika nyingine, mtu amekufa, na ni yeye anayefungua kinywa. Yeyote aliyekaa pa matanga ya kwetu, akasikia jinsi marehemu anavyosemeshwa kama mtu aliyepo, anajua ipi kati ya hizi mbili imepiga hodi kwa adabu yetu.

Tunaandika hivi kwa sababu wanafunzi wetu wa sekondari wanauona muji wao kwa mara ya kwanza kwenye kioo katika ile filamu ya Jadotville. Wanaipitishana kwa simu. Wanafurahi kusikia jina. Ukiwauliza baadaye nani wa Likasi wanamkumbuka ndani, wanatafuta, wananyamaza.

5. Jicho la juu

Filamu za vita ni chache. Zinazofika kwetu kila mwaka ni zile za migodi: ripoti, dokumantere, filamu za mashirika. Desturi yao inajulikana na kila mtoto wa hapa. Zamani ilikuwa ndege, leo ni droni. Kamera inapanda, inaonyesha shimo kubwa jekundu, barabara ya vumbi, malori, watu wadogo kama siafu. Muziki unalia chini chini. Sauti ya kizungu inasema kwamba udongo huu ni tajiri na watu wake ni maskini. Halafu kamera inashuka juu ya miguu mitupu ya mchimbaji. Miguu kwanza, uso baadaye, jina mwisho, ao hakuna jina.

Hatusemi uongo umo ndani. Shimo lipo, vumbi lipo, miguu mitupu ipo. Tunasema adabu haipo. Nani anaingia katika nyumba ya watu kwa kuangalia paa? Mtu anayepita juu bila kusalimia, wazee wetu walikuwa na jina kwake, na halikuwa jina zuri.

Katika Lubumbashi kuna wawili waliojibu bila makelele. Frank Mukunday na Tétshim walitoa mwaka 2019 filamu fupi, Machini, na watu wake waliwajenga kwa mawe. Jiwe ambalo dunia inakuja kulichukua likapewa mwili na mwendo. Hawakuhitaji kupanda juu ili kueleza migodi. Waliinama, wakaokota.

6. Kwa vijana wetu wenye kamera

Sasa tuwageukie nyinyi, na tutasema kwa ukali kwa sababu tunawapenda. Tumeangalia filamu zenu nyingi: za vichekesho, za kanisa, za mapenzi, za wachawi, na zile za ndoa mnazolipwa. Zina mwanzo mmoja. Dunia ya moto inazunguka na kupasuka. Jina la studio linatoka kwa umeme na sauti ya Kiamerika. Droni inapanda juu ya bomba la moshi la Shituru, au juu ya mataa ya muji mwingine kabisa mliyoyachukua kwa intaneti. Majina yanapita kwa Kiingereza ambacho mchezaji mwenyewe hawezi kukisoma. Dakika tatu zimekwisha, na hatujui bado tuko wapi, lini, na nani. Yaani mmechukua mapambo ya desturi ya watu wengine, mkaacha kazi yake.

Tunajua jibu lenu. Kijana mmoja alituambia: «Mwalimu, filme kama haianze na moto, bantu batasema ni muchezo ya batoto.» Tunamjibu hivi: watu wa Katanga wamekwisha kupenda vitu visivyokuwa na moto. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilichekesha wazazi wenu miaka na miaka, redioni na televisheni, kwa Kiswahili hiki tunachosema sokoni. Watu walikimbia kurudi nyumbani juu ya lugha yao na mambo ya nyumba zao. Na mkitaka mfano wa mbali zaidi, Ousmane Sembène alifungua La Noire de... ya mwaka 1966 kwa meli inayofika bandarini na msichana wa Senegal anayejiuliza kama kuna mtu atakayempokea. Mwanzo ule haukugharimu moto wowote, na hofu yote ya filamu imo. Djibril Diop Mambéty alifungua Touki Bouki ya mwaka 1973 kwa mifugo wanaotembea, na wanakokwenda ni machinjoni. Watu wa Dakar walijua mifugo. Nyinyi mnajua nini? Mnajua sireni ya usine, foleni ya maji, mama anayepanga mikate alfajiri, treni isiyofika. Yote hayo ni milango, na hakuna mtu mwingine duniani mwenye funguo zake.

Msituelewe vibaya. Hatuwakatazi kuiga. Mwenye kujifunza uhunzi anashika kwanza koleo la fundi wake. Igeni mgeni wa kaboyi anayetoka mbali, lakini ateremke kwenye lori la mkaa, na mama wa kwanza anayekutana naye amuulize kabila na ukoo. Igeni filamu ya kutisha, lakini huyo wa kwanza kufa tumjue kwanza jina, maana kwetu hakuna kifo kisicho na matanga.

7. Na kwa wazee

Kwenu, wazee, tuna neno moja la heshima. Mkiendelea kusema sinema haina nafasi katika kitabu cha mila, mnawaachia wengine kazi ya kuwatambulisha wajukuu wenu. Mianzo ya hadisi mnayoijua kwa Kisanga, kwa Kiluba, kwa Kibemba, kwa Kirund, kwa Kichokwe, iko katika vinywa vyenu na si katika vitabu vingi. Kijana hawezi kutumia kitu asichokisikia. Akiomba mumfundishe mnavyoita na mnavyoitikiwa, na mkamfukuza kwa sababu ameshika simu, basi msilalamike akienda kuchukua mwanzo wake Amerika.

Dani Kouyaté wa Burkina Faso alionyesha njia katika Keïta! L'héritage du griot, mwaka 1995: mzee anatoka kijijini, anakuja mjini kumfundisha mtoto wa shule maana ya jina lake, na habari ya kale ya Sundiata inaingia katika sinema kwa mlango huo. Mwalimu wa shule katika filamu ile anakasirika, maana mtoto anasahau masomo. Sisi walimu tunasema hapa wazi kwamba tuko tayari kukasirishwa namna hiyo.

Tunapendekeza mambo manne, na tunaomba shirika letu liyapigie kura.

Kwanza, wanafunzi wa darasa la tano na la sita wakusanye mianzo ya hadisi, ya kasala na ya mazungumzo ya mahari kwa wazee wa mtaa wao, kwa sauti na kwa maandishi, pamoja na jina la mzee aliyesema na ruhusa yake.

Pili, kila kijana anayetaka kuonyesha filamu yake katika siku zetu za utamaduni, filamu hiyo ijibu yale maulizo matano ndani ya dakika zake za kwanza, na la tano kuliko yote: nani anasema, na nani alimruhusu.

Tatu, kabla ya kuonyesha filamu yoyote, ya kwetu au ya wageni, mtu asimame pembeni ya kioo, asalimie, aeleze, aite na aitikiwe. Tukionyesha ile ya Jadotville, na tuionyeshe, asimame mzee aliyekuwa mtoto hapa mwaka 1961, aseme kwanza yeye ni nani na alikuwa wapi siku zile. Ndipo taa zizimwe.

Nne, mgeni yeyote anayekuja na kamera hapa Shituru kupitia kwetu, tumpokee vizuri, tumpe kiti na maji. Lakini asirushe droni yake kabla hajasalimia watu na kutaja jina lake na ya waliomtuma. Akikataa, arudi na kamera yake.